Sanaa ambayo mikoko ndiyo inayoimalizia: jibu kwa mwalimu wa Pangani

Swali: "Nafundisha sekondari Pangani na ni mlezi wa klabu ya mazingira. Karibu na shule kuna kipande cha mikoko kilichokatwa, sasa kimebaki tope tupu. Wanafunzi wanataka tufanye kazi kubwa ya sanaa kuhusu jambo hilo. Wazo lao la kwanza ni kuokota makombe na vipande vya matumbawe, tupange picha ya mti mkubwa ufukweni. Mwenzangu wa sayansi anasema bora sanamu ya kasa iliyojazwa chupa za plastiki. Mimi nimesikia kuna wasanii wanaofanya kazi 'pamoja na maumbile'. Maneno hayo nimeyapenda, ila sielewi yana maana gani mtu akishashika jembe. Je, ipo sanaa inayosaidia mazingira kweli, au yote ni ya kupigia picha za simu? Fedha hatuna, na afisa mmoja ameshatuomba tuizindue tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani."

Mwalimu, ipo, na kwa mahali mlipo haidai fedha nyingi. Inachodai ni muda, tena muda unaovuka muhula. Kabla sijafika huko, niruhusu niyaweke pembeni mawazo mawili mliyonayo mezani, la kwanza lote, la pili nusu yake.

Makombe na matumbawe yaacheni. Kombe tupu ufukweni lina mwenyewe, au litampata kesho. Wale kaa wadogo wanaotembea na nyumba ya konokono mgongoni hawajui kujitengenezea gamba la kuwatosha. Kila wanapokua hutafuta kombe kubwa zaidi wakahamia. Darasa zima likipita na ndoo asubuhi moja, limewavunjia mtaa. Makombe yasiyopata mpangaji husagika yakawa mchanga, na mchanga huo ndio ufukwe wenyewe. Matumbawe ni shauri zito zaidi, hata yale makavu yaliyosukumwa na maji: yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na afisa uvuvi akiwakuta na gunia lake hataki kusikia habari za sanaa. Tena fikiria wanafunzi watakuwa wamejifunza nini. Wamelia juu ya kitu kilichochukuliwa baharini kwa kuchukua kingine.

Kasa wa chupa simpingi, ila nina swali moja juu yake: tarehe 6 Juni atakwenda wapi? Plastiki ikikaa kwenye jua la pwani hukakamaa, ikapasuka, ikaanza kumeguka vipande vidogo ambavyo hakuna mtoto atakayeviokota. Kwa maoni yangu kasa wa waya ni pipa la taka lenye umbo zuri. Kama pipa anafaa sana, mradi pawe na mtu anayejulikana kwa jina, mwenye baiskeli au mkokoteni, wa kuzipeleka chupa kwa mnunuzi kila anapojaa. Bila mtu huyo, msimjenge.

Lamu walikwenda mbali zaidi na plastiki. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa chini ya fundi Ali Skanda, lilitengenezwa kwa plastiki iliyorejelezwa, kisha likavishwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa fukweni. Likashushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likatweka tanga kutoka Lamu hadi Unguja, likisimama njiani kuzungumza na watu. Ninaloliheshimu pale ni kwamba taka iligeuka kuwa ubao, ubao ukapita mikononi mwa mafundi wa majahazi, na kilichotoka ni chombo kinachobeba watu. Hakuna aliyelazimika kueleza maana yake kwa karatasi iliyobandikwa ukutani.

Sasa hayo maneno yako, "pamoja na maumbile". Yametumika ovyo hata kila anayepanga majani kwa duara anajiita mshirika wa maumbile. Mimi hupima kwa swali moja: maumbile yana kazi gani humu? Ukiyaondoa, je, sanaa inaendelea kusimama? Kasa wa chupa anaweza kusimama Dodoma bila kupungukiwa na kitu, na picha ya makombe inaweza kupangwa kwenye sakafu ya ukumbi. Hapo maumbile ni ghala tu la vifaa. Ushirika huanza pale bahari, mmea, jua au mdudu anapopewa kazi ambayo angeifanya hata usipokuwepo, na wewe msanii ukaipa kazi hiyo umbo, ukaisogezea mahali inapohitajika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wala haupendezi machoni. Mwaka 1991 msanii wa Marekani, Mel Chin, aliingia kwenye dampo la zamani liitwalo Pig's Eye, mjini St. Paul katika jimbo la Minnesota, ambako udongo ulikuwa na kadimi na metali nyingine nzito. Alishirikiana na mwanasayansi wa udongo, Rufus Chaney, aliyekuwa akichunguza mimea inayofyonza metali kutoka ardhini na kuzilimbikiza kwenye majani na mashina. Wakapima kiwanja cha mraba, ndani yake wakaweka duara, njia mbili zikikatizana katikati, wakaotesha mimea hiyo. Ukiivuna, metali inaondoka nayo. Chin huieleza kazi ile kama uchongaji wa kawaida kabisa: mchongaji hupunguza jiwe, na hapo mmea ndio patasi, kinachopunguzwa ni sumu. Taasisi ya serikali iliyokuwa imfadhili ilimpitisha, mkuu wake akaizuia fedha akihoji kama hiyo kweli ni sanaa, na baada ya Chin kwenda kujieleza akairudisha. Nakusimulia hilo kwa sababu na wewe utaulizwa swali hilohilo, pengine na mkuu wako wa shule.

Joseph Beuys wa Ujerumani alitumia hila nyingine, na hii naomba muiibe. Mwaka 1982, mjini Kassel, alirundika mawe 7,000 ya basalti mbele ya jumba la makumbusho, rundo la kuudhi, watu wa mji wakanung'unika. Sharti lake lilikuwa kwamba jiwe haliondoki pale mpaka mti upandwe mahali fulani mjini, na jiwe likasimikwe kando ya mti huo. Aliyechukia rundo alikuwa na njia moja tu ya kulipunguza. Beuys alifariki Januari 1986 kazi haijaisha. Mti wa mwisho ulipandwa 1987 na mwanawe. Leo mialoni ile na miti mingine ni mikubwa, na jiwe kando ya kila mti limebaki palepale lilipo, mti ukilipita kwa kimo kila mwaka.

Mtakapotafuta kwenye intaneti mtakutana pia na sanamu za chini ya bahari za Jason deCaires Taylor, mwanzo Grenada mwaka 2006, baadaye Cancún huko Meksiko, ambako zimezamishwa zaidi ya 400. Ni watu wa saruji maalumu isiyochachua maji, wamesimama mchangani, na matumbawe, sifongo na mwani huwaotea usoni mpaka hawatambuliki. Hapo bahari ina kazi, tena ndiyo inayomaliza kazi. Pia sanamu hukusudiwa kuwavuta wapiga mbizi wasiikanyage miamba ya asili. Lakini nawaomba wanafunzi wasiige. Kuzamisha saruji kunahitaji wahandisi, vibali na meli, na kwa bahari ya Tanga iliyoteswa miaka mingi na uvuvi wa baruti, tumbawe lililonusurika likiachwa kwa amani litafanya kazi kuliko sanamu yoyote.

Kuna na Andy Goldsworthy, Mwingereza anayeishi Scotland, mwenye kupanga majani kwa rangi, kuunganisha barafu na kusimamisha mawe. Wanafunzi watampenda mara moja, nami nampenda. Waambie tu waige ya majani yaliyoanguka, wasiige ya mawe. Ukiinua jiwe kwenye mwamba maji yakiwa yamekupwa, umewafunua viumbe waliojificha chini yake wasikauke.

Usidhani hata hivyo jambo hili lilibuniwa na wasanii wa Ulaya na Marekani. Wakhasi wa Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India, huongoza mizizi ya mti wa mpira juu ya mito mpaka inashikana ng'ambo ya pili ikawa daraja. Kazi hiyo huchukua miaka kumi na zaidi, na kila mwaka daraja linazidi kuwa imara badala ya kuchakaa. Na huku kwetu, ingia nyumba yoyote ya kale ya mawe Lamu au Mji Mkongwe utazame juu. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haikuwa ndefu. Mti ulimwambia fundi upana wa chumba. Majahazi yalizipakia boriti hizohizo hadi Oman na Ghuba, na huko nako nyumba zikafuata kipimo hicho. Sisemi hivyo kusifu ukataji. Nasema mkoko umekuwa mshiriki katika sanaa ya pwani hii kwa karne nyingi, ila muda mwingi alishiriki akiwa ameshakatwa.

Turudi kwenye tope lenu. Kabla ya mtu yeyote kuchora ramani ya sanaa, kuna swali la kwanza, na ndilo lenye uzito kuliko mengine yote: kwa nini mikoko haijarudi yenyewe? Mkoko hauhitaji kupandwa na mtu. Mbegu za jamii nyingi za mikoko huota zikingali juu ya mti, nyingine ndefu kama rula, zikakomaa zikaanguka. Nyingine hujichomeka topeni palepale, nyingine huelea siku nyingi mpaka zipate mahali. Kama mtoni Pangani bado kuna mikoko inayozaa, basi kila maji yanapojaa mbegu hufika hapo kwenu. Zikifika na zisishike, kuna kinachozizuia. Huenda tuta la shamba la chumvi au barabara limefunga mkondo. Huenda tope limeshuka baada ya mizizi kuoza, maji sasa yanakaa muda mrefu mno. Huenda ni mbuzi, au njia ya watu kwenda kwenye mitumbwi. Waulizeni wazee wanaopita hapo kila siku maji yalikuwa yakiingilia wapi, na mwende mkasimame wenyewe na kijiti chenye alama maji yakijaa.

Nimeviona vikundi vingi vikiruka hatua hii. Wanafika na mabango, wanachomeka mbegu elfu moja za mkoko mstari kwa mstari kwenye tope lililo chini mno, wanapiga picha, na baada ya msimu mmoja wa kusi, upepo mkali wa kusini, hakuna hata mmoja uliosimama. Tena huwa ni jamii moja tu, ile iitwayo mkoko hasa, kwa sababu mbegu yake ni kubwa na rahisi kushika, hali pengine mahali pale palikuwa pa mchu, jamii nyingine ya mikoko. Kila mti una kituo chake. Mlilana husimama mbele ukipokea mawimbi, mkoko nyuma yake, kisha muia na mkandaa, na mchu huonekana huku na huku, mara nyingi nyuma kabisa penye chumvi kali. Visiki vilivyobaki vitawaambia nani alikuwa anakaa wapi. Kuvichora visiki hivyo kwenye ramani kubwa ya karatasi, kila jamii na rangi yake, ni sanaa ya kwanza ya klabu yenu na haigharimu kitu.

Mkigundua kwamba shida ni mawimbi na tope linaloondoka, ndipo pana nafasi ya kazi kubwa waliyoitaka wanafunzi. Huko Demak, kisiwani Java, pwani iliyoliwa na bahari ilianza kurudishiwa tope kwa nyua za matawi: safu mbili za nguzo, katikati zimeshindiliwa fito na matawi. Maji hupita, kwa hiyo ua hauvunjwi kirahisi, lakini wimbi hupoteza nguvu, na tope lililokuwa likielea hutua nyuma yake. Tope likipanda, mbegu za mikoko zinashika zenyewe. Wavuvi wenu wanaijua nusu ya ufundi huo tayari, maana wando la kutegea samaki ni ndugu wa ua huo.

Nawaona wanafunzi wako wakijenga nyua fupi, za kimo cha goti, kwa umbo watakalolichora wao: hilali zinazofuatana, au nakshi ya mlango wa Kiswahili iliyolazwa topeni, ionekane kutoka juu ya kilima maji yakipwa na ipotee maji yakijaa. Vigingi viwe vya mvinje au mwarobaini uliopogolewa, haramu kuwa vya mikoko. Katikati shindilieni pongoo za makuti na makumbi, mfunge kwa kamba ya usumba. Kamba ya plastiki msiiguse, hata kama ndiyo iliyopo dukani. Acheni mapengo ya samaki na ya mitumbwi, mkikubaliana na wenye mitumbwi mahali pa mapengo hayo kabla ya kigingi cha kwanza. Ua utaoza, na ndivyo inavyotakiwa. Ukioza kabla tope halijapanda, mnaongeza makumbi. Ukioza tope likiwa limeshika, kazi yake imekwisha na umbo lililobaki litakuwa la tope na miche, limepinda kidogo hapa na pale kwa sababu mkondo nao una maoni yake.

Kazi hiyo fanyeni siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida. Maji hupwa sana katikati ya asubuhi, ndizo saa ambazo wakulima wa mwani huteremka, na kwa bahati njema ni saa za shule. Kila baada ya bamvua mwanafunzi mmoja apime kimo cha tope nyuma ya ua na mbele yake kwa vijiti vilevile, aandike kwenye daftari lilelile.

Kupanda kuje baadaye, pale tu mbegu za kujileta zinapokuwa haba. Chukua mbegu ya mkoko iliyokomaa: imenyooka, kijani iliyotiwa madoa ya kahawia, na chini ya kofia yake kuna pete ya njano. Bila pete hiyo bado changa, iacheni mtini. Ncha iliyochongoka ndiyo huenda chini, na isizame zaidi ya theluthi. Nasisitiza la ncha kwa sababu kila kikundi kipya hakikosi mtoto aliyezipanda kichwa chini miguu juu, tena kwa bidii kuliko wenzake.

Na hapo ndipo hila ya Beuys inapoingia. Rundikeni langoni pa shule mawe au matofali mabovu ya tanuri, si mawe ya ufukweni, moja kwa kila mche mnaoupanda au mnaoukuta umeshika. Lakini sharti nawashauri mligeuze: jiwe lisihamishwe siku ya kupanda, lihamishwe mche ukishatimiza mwaka mmoja ukiwa hai. Mche ukifa, jiwe linabaki langoni. Wazazi, wageni na afisa wako watapita kando ya rundo hilo kila siku wakijua hesabu bila kuuliza. Inahitaji ujasiri, kwa sababu mwaka wa kwanza rundo litabaki kubwa na mtachekwa. Mimi sijui sanamu ya mazingira iliyo ya kweli kuliko hiyo, maana haiwezi kusema uongo hata mkitaka. Mawe yanayohamishwa yapangeni ukingoni mwa tope, juu ya maji yanapofikia, yafuate umbo la nyua.

Kwa wale wanafunzi wasiopenda tope, na wapo, ipo kazi ya mezani inayolifanya jua lichore. Loweka manjano ya unga kwenye spiriti ya duka la dawa, mbali na moto, chuja kwa kitambaa, paka karatasi nene mara mbili ukikausha gizani. Weka juu yake jani la mchu au la mlilana, libane kwa kioo cha dirisha, anika. Penye uwazi jua hufifisha manjano, chini ya jani rangi hubaki. Saa chache za jua kali zinatosha kuona umbo. Ukiinyunyizia maji ya magadi rangi hugeuka ya wekundu wa udongo, kama doa la mchuzi kwenye kanzu linavyogeuka likiguswa na sabuni. Mwanasayansi wa Uingereza, John Herschel, aliandika juu ya picha za utomvu wa mimea mwaka 1842, na tatizo alilolikuta bado lipo: picha haitulii, mwanga unaendelea kuila. Kwenu hilo ni faida. Tundikeni jamii zote za mikoko ukutani, na picha ikififia mwanafunzi aende akatafute jani jingine. Baada ya muhula mmoja hakuna atakayekosea mkandaa na muia. Mkandaa usibanduliwe gome kwa ajili ya rangi, ingawa wazee watawaambia, na ni kweli, kwamba ndiyo rangi ya nyavu ya zamani. Mti ukivuliwa gome kuzunguka shina unakufa.

Sasa wakataji. Wako humohumo kijijini, na baadhi ni baba na wajomba wa wanafunzi wako. Sanaa inayowaaibisha itawanyamazisha siku moja na kuwafanya wakate usiku. Mwendeeni muuza miti mkamwazime ufito mmoja, upau mmoja, mazio moja, boriti moja na nguzo moja, maana ndivyo miti ya mikoko inavyopangwa sokoni kwa unene. Isimamisheni kwa safu kwenye mkutano wa kijiji, mmuulize yeye mwenyewe, mbele ya watu, ni ipi siku hizi haipatikani. Nakuhakikishia ataelekeza kidole upande wa minene, na maelezo yatakayofuata yatatoka kinywani mwa mtu wa biashara na si mwa klabu ya mazingira. Wazee wa kijiji cha Ushongo wakiwepo, waombeni wasimulie Maziwe: kisiwa kilichokuwa na mivinje, sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, hata mayai ya kasa yakitagwa pale hubidi kuhamishiwa bara yasizame. Watu wanaosikiliza habari hiyo huku wameikabili boriti iliyosimama hawahitaji hotuba.

Vibali haviepukiki. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu, kwa hiyo hata kupanda na kujenga ua mnaanzia ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, mkapitia serikali ya kijiji na BMU ya hapo, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia ufukwe na uvuvi. Nendeni na ile ramani ya visiki, si na barua tupu. Afisa akiona mmehesabu kabla ya kuomba, mazungumzo huwa mepesi. Mara nyingine atakuwa na mtaalamu wa mikoko wa kuwapa, naye atawaokolea mwaka mzima wa makosa. Akisema mahali penu pasijengwe ua, msikilizeni, mbaki na rundo na karatasi za manjano.

La tarehe 5 Juni. Kusi inakuwa imeshashika, bahari imechafuka, na upandaji wa siku hiyo ni wa kamera. Mwambie afisa wenu, kwa adabu, kwamba uzinduzi utakuwepo: atapewa ramani ya visiki aifunue, ataona picha za jua zikiwa ndiyo kwanza zimetoka, na ataweka jiwe la kwanza kwenye rundo langoni. Miche hatapanda. Tarehe 5 Juni ya mwaka unaofuata mwiteni tena, aje ahamishe mawe yatakayostahili kuhamishwa, na waandishi wa habari waiteni siku hiyo, si kabla.